Lango la Herufi Tano

Mgeni alifika wakati ambao haukuwa wa wageni. Jua lilikuwa limesimama juu ya tao la lango, pale pale Bwana GREAT anapolisimamisha kila anapotaka kula, na foleni yote ilikuwa imechuchumaa ikingoja amalize kutafuna. Hakuna aliyemwona akija barabarani. Alikuwepo tu: mwanamke aliyejifunga kanga zilizopauka, ungo kichwani, vumbi hadi magotini, amesimama mbele ya meza ya vipimo kana kwamba meza ile iliwekwa kwa ajili yake.

"Hodi hapa," alisema.

Kidawa aliinua uso kutoka kwenye kibao chake, akamtambua, na papo hapo akautazama tena mti wa kibao kama mtu aliyeona kitu kisichomhusu. Alikuwa shangazi yake, Bi Mwatumu. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemsuka nywele asubuhi ya kuondoka.

Mji ule haukuwa na jina. Waliokuwa ndani hawakuhitaji kuuita, na waliokuwa nje waliuita kwa vidole tu, wakielekeza. Ulikuwa na lango moja, na juu ya lango herufi tatu za shaba: E, A, R. Aliyetaka kuingia alipaswa kuja na neno, wala si neno lolote. Liwe la Kiingereza, liwe na herufi tano, na ndani yake, popote zilipojificha, ziwemo zile tatu za juu. Mtu wa BREAD aliingia, na tangu hapo mkate wote wa mji ulipita mikononi mwake. Mtu wa WATER aliingia. Mwanamke aliyekuja na DREAM aliingia akilia kwa furaha, na baada yake hakuna mwingine aliyeweza kuomba kwa ndoto, maana neno likishachukuliwa limechukuliwa. Neno ndilo lililokuwa pasi, na kazi, na jina. Lilichongwa kwenye beji ya shaba, likabandikwa kifuani, na jina ulilopewa nyumbani likaachwa langoni kama viatu vinavyoachwa mlangoni pa msikiti, ila hapa hakuna aliyetoka akavivaa tena. Kwa nini herufi tano na si nne? Kwa nini hizo tatu na si nyingine? Kidawa aliwahi kuuliza alipokuwa mwanafunzi wa maneno, kabla hajapewa lake. Mwalimu alimtazama kwa huruma kubwa, kama anayemtazama mgonjwa, akamwandikia alama nzuri kwa kuuliza na akafuta ubao.

Mjini Kidawa aliitwa HEARD, neno la kusema kwamba kitu kimesikika. Yeye alilitaka HEART, la moyo. Siku ya kuhitimu walimwambia kuwa HEART ilishachukuliwa na muuza nyama wa soko la juu, bwana mmoja mnene mwenye kucheka ovyo. "Chukua hii," walimwambia, "zimepishana mwishoni tu." Akaichukua. Alikuwa kijana, na aliamini kwamba kilicho karibu na unachokitaka kitasogea chenyewe ukikipenda vya kutosha.

Kazi yake ilikuwa kupima. Alikuwa na kibao cha mninga chenye matundu matano, na sanduku la vipande vya herufi. Anayefika mezani husema neno lake. Kidawa hupachika herufi moja moja. Neno likikaa, mtu huingia. Likizidi, likipungua, likikosa mojawapo ya zile tatu, Kidawa hukipindua kibao na vipande huanguka chini, kisha EARLY, mfagiaji wa lango, huvifagia hadi kwenye jaa la nje ya ukuta. Huyo EARLY hakuwahi kuwahi kazini hata siku moja, na wote walimtania kwa hilo. Jaa lilikuwa limekua likafika kimo cha nyumba. Humo yalilala maneno ambayo watu walikuwa wamebeba kutoka mbali wakidhani yatawafaa: asante, mvua, nisamehe, mjukuu. Upepo ukipita yalinong'ona. Watu wa ndani walisema ni panya.

Na kesho yake Kidawa alikuwa apande Jumba la Juu, mahali maneno yanapoamuliwa. Alikuwa na jambo moja la kulisema huko, alilokuwa akilitunza kama mtu anayetunza mwali wa mshumaa kwa viganja: kibao kiongezwe tundu. Tundu la sita. Kwa tundu moja tu, alijiambia, wangapi wangeingia! Alikuwa akilala na wazo hilo, na asubuhi lilimpa nguvu ya kupindua kibao mbele ya nyuso za watu.

"Kidawa," alisema Shangazi.

Foleni ikageuka.

"Neno lako, mama?" alisema Kidawa kwa sauti ya kazi. Wafanyakazi wa langoni waliruhusiwa kusema lugha za nje, kama vile mfagia choo anavyoruhusiwa kushika uchafu. Kilichokatazwa kilikuwa kuitika. Mwenye beji akiitwa jina la nje naye akaitika, neno lake hurudi rafuni, na yeye hurudi alikotoka, hata akiwa mzee wa mji.

"Neno gani tena?"

"La kuingilia."

"Mimi siingii, mwanangu. Nikaingie nifanye nini humo, na kuku nimemwachia jirani?" Alitua ungo mezani, juu ya sanduku la herufi. "Nimekuja kukuita tu. Wanataka kukukalia matanga."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Mwingine akamwambia, "Nyamaza, tusikie."

"Walisimama njiani wakakuita, kama inavyofanywa," aliendelea Shangazi, na sasa alikuwa akiwaeleza wote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kueleza. "Mtu wetu akipotea bila habari, anaitwa njiani. Asipoitika, mkeka wake unakunjwa, watu wanaketi msibani, basi. Nikawaambia, nyie mmemwita mkiwa wapi? Kizingitini! Mtoto yuko ng'ambo ya dunia, atasikiaje? Mfuateni mkamwitie masikioni. Wakanijibu, haya, nenda wewe mwenye miguu. Ndiyo hii." Akaitazama miguu yake kwa mshangao kidogo. "Nimefika nayo."

"Mpimaji," alisema EARLY, ameegemea fagio, macho yakimcheka, "nadhani unaitwa."

"Hajaniita mimi."

"Kwani hapa mezani yuko nani mwingine?"

Bwana GREAT alitoka kwenye chumba chake akijifuta vidole. Alikuwa mkuu wa lango, mtu mpole, mwenye masikio makubwa na beji iliyolika kingo kwa kuguswaguswa. Hakuwahi kumkaripia mtu.

"Kuna nini?"

"Mama huyu hana neno," alisema Kidawa.

"Unamjua?"

Yapo maswali ambayo majibu yake hutoka kabla ya mtu. Kidawa alilisikia jibu likitoka, akalitazama likienda, akataka kulikimbilia alishike upindo wa nguo, lakini lilikuwa limeshafika kwa wote.

"Simjui."

Shangazi alishusha tu upande mmoja wa kanga, akajifuta nao uso taratibu, kama anayedhani kosa ni la vumbi: kwamba akijifuta atajulikana.

"Basi mpime," alisema Bwana GREAT. "Kila anayesimama mezani hupimwa. Tusije kusemwa kwamba tunabagua."

"Mama, sema neno. Lolote."

"Kidawa."

Kidawa akafungua sanduku. Vidole vyake vilijua kazi, na alivionea wivu kwa kutojua kitu kingine. K ikakaa. I ikakaa. D, A, W. Matundu yakaisha, na A ya mwisho ikabaki mkononi mwake, haina pa kuwekwa. Halafu akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona, ingawa lilikuwa mbele yake kila siku: hata tundu la sita lingekuwepo, jina lake lisingepita. Halikuwa na E. Halikuwa na R. Tundu lile alilolibembeleza kwa muda wote huo lilikuwa limechongwa kwa ajili ya watu wengine, watu ambao tayari walifanana na mji.

"Halikai," alisema. "Limezidi. Na lina upungufu."

Akakipindua kibao. Jina lake likaanguka chini, na EARLY, ambaye macho yake hayakuwa yakicheka tena, akalifagia.

Shangazi aliufuata ufagio. Alitoka nje ya ukuta, akaketi kando ya jaa, akanyoosha miguu, akaweka ungo mapajani. "Nitakaa hapa," alisema bila chuki. "Nilisema nitakuja kuita, sikusema nitaita mara moja. Jua likiinama nitaita tena, mara ya mwisho. Nikiitikiwa, naenda kuwaambia wautandike mkeka. Nisipoitikiwa, wakunje." Akajaza ungo vipande vya herufi kutoka kwenye jaa, akaanza kuvipepeta na kuvichambua, kama achambuavyo mchele wa mawe.

Foleni ikarudi kwenye mambo yake.

*

Aibu ni kitu gani? Watu husema inawaka usoni, lakini ile ya Kidawa haikuwaka. Ilikuwa baridi, ilikaa chini ya mbavu kama jiwe lililotolewa mtoni, na kila alipovuta pumzi pumzi ilibidi izunguke. Alipima watu. Alipachika, alipindua. Alijiambia: ninafanya kwa ajili yao. Alijiambia: mtu mmoja asipoitika leo, wengi wataingia kesho. Hesabu nzuri. Mbona kila alipoirudia ilikuwa na uso wa yule mmoja?

Aliibia kutazama nje. Shangazi alikuwa kijana, mwenye mikono minene na mwanya, akimwogesha mtoto kwenye beseni. Akapachika herufi, akatazama tena: Shangazi alikuwa mzee kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi, mgongo wake umepinda kama upinde. Akatazama tena: alikuwa mtoto, na ungo ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Katika umri wote huo mikono haikubadilika. Ilipepeta.

Sema abee.

Kidawa alikuwa mdogo, amejificha nyuma ya pipa, anaitwa kutoka jikoni, naye anajibu: nini? Shangazi alitoka na mwiko. *Nini* ndiyo nini? *Nini* ni ya mbuzi. Mtoto wa kike akiitwa anasema abee. Mtoto wa kiume anasema naam. Mbuzi ndiye anayesema nini. Haya, nakuita tena. Kidawa! Abee. Sikusikia. Abee! Hapo sasa. Njoo uninyooshee mkono nipate chumvi.

Abee. Neno lisilo na maana yoyote. Ukilifungua ndani ni tupu, hakuna habari, hakuna sifa. Linasema tu: nipo, na nipo upande wako. Kidawa alikuwa amesoma maneno ya kila urefu, akahitimu kwa heshima, na hakuwahi kukutana na jingine lililofanya kazi kubwa hivyo bila kudai chochote.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti ya Shangazi, nusu ya nywele imesukwa. Nikuletee nini nikirudi? Usiniletee kitu. Sema basi, Shangazi, sema chochote. Nikikuita uitike, hicho tu. Kidawa alicheka hadi msuko ukafumuka. Hicho tu? Hicho tu. Popote? Popote. Nitaitika, Shangazi.

Ahadi ndogo mno. Kubwa angeikumbuka.

Akaenda kuchota maji ya kunywa kwenye mtungi ulio nje ya lango, na aliporudi akainua macho. Kwa muda wote aliofanya kazi pale alikuwa akiziona zile herufi za shaba kutoka ndani, zimegeuka, hazisomeki. Sasa alizisoma kama wazisomavyo wanaongoja. Kwa pamoja zilikuwa neno, tena neno dogo la kitoto, la kwanza kufundishwa pamoja na pua na jicho: sikio. Neno fupi mno kwa sheria. Lisingeweza kupita chini ya lango lililolibeba.

Alirudi mezani maji yakimwagika mkononi.

"Unamwaga maji," alisema Bwana GREAT. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye. "Ni wako, sivyo?"

Kidawa akapangusa maji kwenye kibao.

"Usinijibu, ni vizuri. Mimi pia niliitwa." Akaigusa beji yake. "Alikuwa ndugu yangu. Alisimama pale pale alipokaa yule. Aliita, akaita. Nilikuwa na mpango mkubwa wakati ule, wa kutoa herufi moja juu ya lango, zibaki mbili. Fikiria! Nikasema nikishapanda, nitamfungulia yeye wa kwanza. Kila anayepanda, HEARD, anapanda na tundu lake la sita mfukoni."

"Ikawaje?"

"Alichoka."

"Alikuwa akikuitaje?"

Bwana GREAT alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa ukutani gizani mahali ambapo alikuwa na hakika pana mlango. Akapapasa. Akafunga mdomo.

"Sauti naikumbuka," alisema mwishowe. "Jina, hapana."

EARLY alifagia mahali palipokuwa safi.

"Naweza kukusaidia," alisema Bwana GREAT kwa upole. "Kungoja ndiko kunakoumiza. Nikilivuta jua sasa hivi, ataita sasa hivi, na itakuwa imepita. Kesho utaamka uko Jumba la Juu. Nilivute?"

Kamba ya jua ilikuwa imefungwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba chake, karibu na koti.

"Livute," alisema Kidawa.

Na hilo ndilo alilolionea haya kuliko lile la kwanza. *Simjui* lilimtoka. *Livute* alilisema yeye.

*

Jua lilishuka kwa mikwaruzo kama ndoo kisimani. Vivuli vya foleni vikarefuka vikapanda ukuta. Nje, kando ya jaa, Shangazi alitazama angani kwa mashaka, kama mtu aliyepunjwa sokoni lakini hana ushahidi, kisha akaweka ungo pembeni na kupangusa mapaja.

Kidawa alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa amejiandaa kwa laana, kwa jina lake kupigwa kama ngoma ya msiba mbele ya watu wote. Kwa hayo alikuwa ameshaweka moyo wake mbali. Lakini Shangazi hakuita hivyo. Aliita kama alivyokuwa akiita kutoka jikoni, bila hata kugeuza shingo, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba asingejibiwa.

"Kidawa!"

Foleni ilinyamaza. Jaa lilinyamaza.

Bwana GREAT aliweka mkono juu ya bega lake. "Subiri," alinong'ona. "Inapita."

Akasubiri. Alimwona muuza nyama akicheka kwenye soko la juu, beji yake iking'aa. Aliliona Jumba la Juu na ngazi zake, na yeye akipanda, na mfukoni mwake tundu tupu ambalo jina lake mwenyewe lisingelijaza. Aliwaona watu wa foleni, hao aliotaka kuwafungulia, wakimtazama, na akaelewa wanatazama nini: walitaka kujua mtu anayewapima ni mtu wa namna gani. Hakuwa na uhakika kama angewafaa zaidi akiwa ndani au akiwa nje. Huenda angeharibu. Huenda mwingine angeletwa mezani kesho, mkali kuliko yeye, na tundu la sita lisitajwe tena. Alilijua hilo. Lakini alikuwa amesema popote.

Haikupita.

Nje, Shangazi aliokota ungo. Taratibu, kama mtu anayejipa nafasi, alianza kuinuka.

"Abee!" alisema Kidawa.

Ilitoka ndogo, imekauka. Akasimama, kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Abee, Shangazi!"

Hakuna aliyeshangilia. Mtoto mmoja kwenye foleni alimwuliza mama yake kama sasa atapigwa, na mama akamziba mdomo. Bwana GREAT aliibandua beji kutoka kifuani mwa Kidawa. Kazi hiyo aliifanya vibaya, vidole vilikuwa vikimteleza, na ilimbidi ainame karibu sana.

"Huko kwenu," aliuliza kwa sauti ya chini, "mwanamume akiitwa huitikaje?"

"Naam."

Midomo yake ilijaribu. Haikutoa sauti. Alikwenda na beji kuirudisha rafuni, akaishika kwa viganja viwili kama kitu chenye maji ndani yake.

Kidawa alikipanga kibao sawa na ukingo wa meza kwa ajili ya atakayekuja. Hakuwa na kitu kingine cha kuchukua. EARLY alimsogezea ufagio pembeni apite, akasema, "Kumbe una sauti," kisha akamgeuzia uso.

Nje baridi ilikuwa imeanza. Shangazi alikuwa amechuchumaa tena kando ya jaa, ungo umejaa. Hakuuliza alikuwa wapi mchana kutwa. Hakuuliza kwa nini kifua cha nguo yake kina tundu. Alikuwa ameita, ameitikiwa, na aliyeitikiwa hupata haki ya kutuma.

"Njoo unishikie upande huu," alisema. "Mgongo wangu si wako."

Kidawa akapita chini ya herufi za shaba, akapiga magoti, akaushika.